Saruji kwenye Ukuta wa Bahari

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kupima ngome. Vyumba kumi na tisa, vilivyoachwa ukiwa miaka sitini, kwa utepe wangu mwenyewe. Ramani ya zamani ilikosea: ghala la baruti lina milango miwili, si mmoja. Nimefurahi kupita kiasi — nakiri!

Jumatano, 5 Machi
Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiridhika, ngome italindwa kisheria, nami nitakuwa mtunzaji wake.

Mwashi wetu, tunayemwita Bibi Chokaa, ameugonga ukuta wa bahari kwa nyundo ya mbao. Juu, mlio mzito, wa kuridhisha. Chini, penye kiraka cha saruji, mlio wa debe tupu. Saruji imeyanyima mawe pumzi, akasema. Chumvi inayatafuna kwa ndani. Kisha akaniuliza: "Aliyepaka hii alikuwa anawahi wapi, mwalimu?" Vibarua wakaangua kicheko. Nami nikacheka — kwa kuchelewa.

Alhamisi, 6 Machi
Kiraka ni changu. Miaka kumi na miwili iliyopita niliagiza saruji, nikaandika kuwa ingedumu kuliko chokaa. Sahihi yangu imo kwenye faili. Na kanuni iko wazi: aliyeharibu jengo hapewi kulitunza. Kanuni hiyo pia niliiandika mimi.

Bibi Chokaa amebandua nusu ya kiraka. Nyuma yake, mawe ya matumbawe yamepangwa hata ukucha haupiti. Karne tatu! Nilivimba kichwa kana kwamba nimeyapanga mimi. Mume wangu anasema afadhali ningeolewa na ngome. Yenyewe ina subira.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi amefika saa tatu kamili. Ameyapapasa mawe, kisha akasema katika kazi yake yote hajaona uashi kama huu. Kifua kilinijaa.

Akaigeukia saruji iliyobaki. Nani aliidhinisha uchafu huu?

Bibi Chokaa alinitupia jicho. Kumbe anajua! Akawahi kujibu: "Mafundi wa zamani, mzee. Walishakufa hao."

Mkaguzi akatoa kalamu aandike hivyo hivyo. Uongo, katika ripoti ya ngome yangu! Nikamwomba asubiri nikalete faili, nina kumbukumbu kamili.

Naandika haya ndani ya ghala la baruti, faili mapajani. Mlango mmoja unatokea uani, aliko mkaguzi. Wa pili, niliougundua mimi, unatokea barabarani. Anaita: haya, mwalimu, umelipata jina?

Nimesimama. Naelekea uani —