Kaka Rama, Bado Tunakaa Mtaa Ule Ule

Kaka Rama,

Mtaa wetu umejaa. Ungekuja leo ungelipita geti letu bila kulijua, maana ule ukuta mfupi tuliokuwa tunauegemea jioni na kusalimiana na wapita njia sasa umenizidi kimo, na juu yake zimepita nyaya za umeme zinazolia kidogo kidogo mchana kutwa. Nyumba ya pembeni, ile yenye mabati mekundu, wameigawa kwa mbao. Kila chumba kina familia yake, Wakongo, Wamsumbiji, Wamalawi, na ndugu wawili wa Kizulu wanaofanya kazi ya ulinzi. Gereji yake bado ni kanisa. Jumapili wakianza kupiga ngoma, vikombe vyangu vinatetemeka kabatini. Duka la mikate la Wareno bado lipo pale kwenye robot, zile taa za barabarani, ila aliyelishika sasa ni Mkongo wa Uvira, na mikate yake si mibaya hata kidogo.

Kuna habari nataka kukupa. Nilishindwa kuisema kaburini kwa sababu wifi Salma alikuwepo na alikuwa analia. Ngoja nifike huko polepole.

Nawaza sana tulivyokuja hapa. Mwaka ule wa 2008, walipochoma spaza yetu, kile kiduka chetu kule kitongojini, tulitoka na nguo za mwilini tu, wifi akiwa na mimba ya Aisha. Aliyeshika dumu la petroli alikuwa jirani aliyenunua mkate kwetu kila asubuhi. Ulimwita kwa jina lake. Akageuka, akakutazama, kisha akaendelea kumwaga. Tulipokuwa kwenye mahema ukaniambia, "Mwajuma, nataka mtaa wenye watu wa kila aina. Wote wakiwa wageni, nani atamfukuza mwenzake?" Ndivyo tukaja Rosettenville, hapa hapa Johannesburg, tukapanga vyumba vya nyuma kwa Bibi Lurdes, yule mjane wa Kireno. Yeye hakujua Kiswahili na wewe hukujua Kireno. Mlielewana kwa lile gari bovu la marehemu mumewe, ulilolifufua ukiwa umelala chini yake siku nzima huku yeye anakuletea supu ya mboga.

Na Themba. Sipendi kuliandika jina hili lakini bila yeye habari haiendi. Alikaa nyumba ya mbele yetu na mkewe MaDlamini, akiendesha gari la kusambaza vinywaji. Alikula pilau kwetu Idi zote. Wezi walipozidi, wanavunja milango watu wakiwa kazini, ni wewe na yeye mliozunguka nyumba kwa nyumba mkigawa filimbi. Ukisikia filimbi, toka nje, nenda kwa jirani. Ilikuwa kazi nzuri, kaka, sitasema vingine. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kuchungulia kwenye mapazia. Baada ya filimbi tulijuana majina, tukajua nani ana mgonjwa na nani amejifungua.

Halafu ikaanza kuharibika. Mwizi wa kwanza alipigwa makofi. Aliyefuata walimvunja vidole kwa nyundo, na ulirudi nyumbani siku hiyo ukasukuma sahani pembeni. Nilikusikia ukimwambia Themba getini, "Tulikubaliana kukamata. Kupiga hatukukubaliana."

Akacheka. "Eish, Rama. Polisi wanamwachia kesho, anarudi kuvunja kwako."

Jumapili ile ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali. Wezi waliingia kwa Bibi Lurdes, wakamvunja mkono, wakampiga kwa pasi usoni. Aliweza kutambaa mpaka barazani, akapuliza filimbi kwa midomo iliyojaa damu. Mtaa mzima ukatoka. Wezi walikuwa wameshakimbia, lakini barabarani alikuwa anapita Chikondi, yule Mmalawi aliyekata nyasi za watu, begi la vifaa begani. Mtu mmoja akasema, "Huyo hapo." Haikuhitajika zaidi.

Nilikuwa getini, mikono ina povu la kufulia. Niliona viboko, marungu, fimbo ya gofu. Nilisikia taya la mtu likivunjika, na sauti hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani, kama kijiti kikavu. Damu ilimfunika hata usingejua macho yake yako wapi. Na waliokuwa wanapiga niliwajua wote. Ndio waliotuletea sukari na chai Aisha alipozaliwa.

Wewe ulipenya katikati yao ukamlalia. Ulimfunika kama mtu anavyofunika mtoto. "Si huyu," ulisema. "Namjua. Anakata nyasi kwa Bibi." Ulisema kwa Kizulu, ukasema kwa Kiingereza, na kipigo kilipozidi ukasema kwa Kiswahili, lugha ambayo pale wachache tu waliielewa. Shemasi Dieudonné, yule Mkongo wa kanisa la gereji, aliielewa. Alikupiga teke la mbavu huku anaielewa.

Themba akaokota nusu tofali. "Toka, Rama," akasema.

"Sitoki."

Mahakamani alisema alimlenga aliyekuwa chini yako. Mimi nilikuwa karibu nao, niliona macho yake. Alikuwa anakutazama wewe. Tofali lilipotua kichwani mwako watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wanajifuta mikono kwenye suruali. Nilikushika kichwa. Ulikuwa unajaribu kusema kitu na ulimi haukukubali. Ambulensi ilikuja, ila roho yako ilitoka kabla hatujafika hospitali, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu uliokuwa bado unanuka sabuni.

Chikondi alipona. Jicho moja lilikufa, na taya lake limekaa upande. Alikuja kwenye matanga akakaa na wanaume, na wifi alimpelekea chakula kwa mkono wake mwenyewe.

Nilipoamua kutoa ushahidi, mtaa ulinigeukia. Walivunja dirisha langu kwa jiwe wakati nimempakata Aisha, na kigae cha kioo kikamkata sikio. Ukutani wakaandika lile tusi lao la wageni, makwerekwere, kwa rangi nyeusi. Kilichoniuma zaidi ni wetu. Shemasi alikuja na wazee wake, wamevaa makoti, wakakaa kwenye viti vyangu. "Dada Mwajuma," akasema, "sisi wageni tusishtakiane. Themba mwache Mungu amhukumu." Nilimwambia kwamba sikumtaja Themba peke yake, hata yeye shemasi nimemtaja. Aliondoka bila kumaliza chai. Mume wangu alitaka tuhamie Durban kwa binamu yake. Nikamwambia atangulie. Hakwenda.

Bibi Lurdes alifika mahakamani na bendeji mkononi, mjukuu wake anamtafsiria. Alisema Chikondi hakuwa miongoni mwa waliompiga, na kwamba wewe ulikuwa mwanawe. Alilisema hilo neno mwanangu kwa Kireno, na mjukuu alikawia kulitafsiri. Themba alifungwa. Shemasi aliachiwa, wakasema ushahidi hautoshi. Mpaka leo Jumapili nasikia sauti yake ikipita ukutani, anaomba kwa machozi, na mimi naongeza redio.

Bibi naye alifariki mwaka jana, kwa uzee. Nyumba imenunuliwa na kampuni, kodi imepanda, tumebaki.

Sasa sikiliza. Msimu wa mvua uliopita filimbi zililia tena. Walimkamata mwanaume mzima na televisheni ya watu, na safari hii alikuwa mwizi kweli, alishikwa ameibeba. Walishamwangusha. Mmoja alikuwa anavuta tairi la kumchomea. Kwanza nilibaki mlangoni, kaka. Kisha nikajikuta nimetoka, na wifi Salma yuko nyuma yangu. Lakini tulipofika tulimkuta mwanamke mwingine ameshasimama juu ya yule mtu, na huyo mwanamke alikuwa MaDlamini, mke wa Themba. Alisema kwa Kizulu, polepole, kila mtu amsikie, "Mume wangu yuko jela kwa sababu ya jambo hili. Nani anataka kumfuata?"

Tulisimama watatu tumempa mwizi migongo. Nilipigwa mpini wa fagio begani, mpaka leo bega linauma baridi ikija. Hawakuacha mara moja. Walitusukuma, walitutukana, wifi alichaniwa kanga. Ila hawakumuua. Polisi walipomwingiza garini, yule mwizi alinitemea mate miguuni. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani, halafu nikalia.

Na habari yenyewe ni hii. Themba ameachiwa. Wiki iliyopita nilikuwa namtoa Aisha shule, nikamwona amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake anaota jua. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Aliponiona alisimama akavua kofia. Aisha, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hakijibu, akaniuliza kwa Kiingereza chake yule ni nani. Tulishakubaliana na mama yake kwamba siku akiuliza hatadanganywa. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Ndiye aliyemuua baba yako." Alimtazama muda mrefu. Ana macho yako, unajua. Themba akakaa chini tena, na mtoto akanivuta mkono twende nyumbani.

Jana alimtuma MaDlamini aniulize kama anaweza kuja kusema neno. Nilimjibu hapana. MaDlamini hakubisha. Alikunywa maji, tukaongea habari za bega langu, akaenda.

Kaka yangu, Mungu akupanulie kaburi na akupe mwanga humo ndani. Sitahama. Aisha atakua hapa, na atajua ulilala juu ya nani na kwa nini. Themba sitampa mkono wangu, usiniombe hilo hata ndotoni. Lakini mtaa huu naujua sasa, najua unavyowaka, na minong'ono kuhusu yeye nimeanza kuisikia kwa vijana wapya ambao hata hawakukujua. Siku wakimjia, nakuahidi nitatoka. Nitatoka na hasira yangu yote, lakini nitatoka.

Mdogo wako,
Mwajuma