Bashi Tuliyoibeba Upemba

Papa,

Ni miezi minne tangu tukuzike, na bado naweka sahani tano mezani. Mama ananitazama, anaondoa moja. Ndugu yangu Trésor amepata kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe, jioni anarudi mweupe kwa vumbi mpaka nyusi. Mdogo wetu Nathalie anavaa koti lako la kazi ndani ya nyumba na hakuna anayethubutu kumwambia alivue. Mimi nafundisha darasa la tatu. Kila nikiwauliza watoto nani kavunja chaki, naona haya, kwa sababu mwongo mkubwa kuliko wote darasani ni mwalimu wao. Hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Unakumbuka Upemba? Swali la kijinga. Ulitusumbua nalo tangu tukiwa wadogo, lile ziwa la kaskazini ulikozaliwa, kule kwenye mbuga, ambako ulisema mtu anamaliza siku nzima bila kusikia gari hata moja. Mwaka niliotimiza miaka kumi na minne, likizo ya Pasaka, ukasema basi, tunakwenda wote, tutalala kando ya maji siku nne. Hema hatukuwa nalo. Lakini nyumbani kwetu ndiko ilikotunzwa bashi ya jumuiya yetu ya kanisa, lile turubai kubwa la buluu linalofungwa uani mwa kila mtu wa mtaa wetu akifiwa, ili waliokuja kwenye kilio wakae chini yake. Wewe ndiye ulikuwa mtunzaji. Ukanituma kwa mkuu wa jumuiya: "Enda kwa Papa Président, umuulize kama tunaweza kubeba bashi siku ine."

Sikwenda, Papa. Nilifika kwenye kona, nikasimama pale nikichezea kandambili yangu, nikawaza kwamba akikataa, safari imekufa. Nikarudi nikakuambia amekubali. Hukuuliza mara mbili. Ulianza kukunja bashi palepale huku unapiga mluzi.

Tulipanda treni hadi Bukama, kisha mtumbwi wa mashine. Mama alibeba mfuko wa makala, makaa ya kupikia, kutoka kwetu Likasi kana kwamba huko hakuna kuni, na wewe ulimcheka mpaka mlinzi wa mbuga naye akacheka. Ulifunga bashi kati ya miti miwili, ukapigilia chini vyuma ulivyochonga mwenyewe kazini kwako, kiwandani Shituru. Mama akaapa haingii: "Minye siwezi kulala mu kilio ya bantu!" Akatandika mkeka wake nje. Mvua ikaja hata bukari, ule ugali wetu, haijaiva, akaingia mbio na sufuria mikononi, na wewe ukamwambia, "Bashi haijue kilio, inajua tu mvula." Alicheka hadi akakaa chini. Sijamsikia Mama akicheka vile tena.

Asubuhi ulikunja suruali, ukaingia majini mpaka magotini, ukatuonyesha kwa kidole yale mafunjo ambako baba yako alikuwa akitega nyavu. Viboko walikoroma mbali. Halafu ukasema tu, "Hapa njo pa kwetu." Sikuwahi kukuona na uso ule. Nilikupenda kiasi cha kuumia, na nilijua nimekudanganya, na bado nilitaka siku nne ziwe kumi.

Tulipofika nyumbani tulikuta mtaa mzima kimya. Mume wa Mama Berthe, wa nyumba inayotazamana na yetu, alikuwa amefariki siku ya pili tangu tuondoke. Watu walikuja kuchukua bashi wakakuta kufuli. Mvua ilinyesha siku zote za kilio, na Mama Berthe alimlilia mumewe kwenye mkeka uliolowa, wanawake wenzake wakimfunika kwa vitenge. Ndipo sisi tukashuka na bashi begani, inanuka samaki wa moshi.

Walikunyang'anya utunzaji jioni ileile. Watu waliacha kukuita kwenye shughuli zao. Wewe uliyekuwa unakaa mbele kanisani, ukahamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Mama alikununia mwaka mzima; sokoni walimwita mke wa yule aliyelala raha chini ya bashi ya marehemu. Nami nilingoja unigeukie useme, "Si weye uliniambia amekubali?" Nilingoja ulipoiosha bashi pale uani kabla ya kuirudisha, nimeshika pembe moja na wewe nyingine. Uliniambia nivute vizuri, basi. Nikajidanganya kwamba umesahau. Miaka tisa, Papa! Nilikula chakula chako miaka tisa na sikufungua mdomo.

Kwenye kilio chako walileta bashi. Hakukuwa na mvua, ni kiangazi, lakini waliifunga. Mama Berthe alikuja kukaa karibu nami, akaniambia ulikwenda kwake wiki ile tuliporudi, ukapiga magoti mlangoni kumwomba pardon. Halafu Papa Président akanivuta pembeni. Akasema, "Nilimuambia siku ya kwanza: mutoto yako hakufika kwangu. Akanijibu: Papa Président, ile neno ibakie kwetu babili. Batu batamuita mwongo mpaka ataolewa. Minye niko muzee, nitabeba."

Kumbe ulijua. Tangu siku ya kwanza ulijua. Uliposhika ile pembe ya bashi, ulijua. Kila Jumapili kwenye benchi lile la nyuma, na mimi kando yako nikiimba. Papa, kwa nini hukunipiga? Ungenipiga kofi moja tu, leo ningekuwa na pa kushika. Sasa nakulilia usiku na mchana na sijui nakulilia wewe au najililia mimi.

Jumapili hii tunaondoa matanga. Wameniomba mimi niseme kanisani maneno machache kukuhusu, kwa kuwa mwalimu anajua kusema. Nimesikia wanavyokutaja hata sasa: muzee alikuwa muzuri, ila tu ile mambo ya bashi. Na Mama, juzi, akikunja mashati yako ya kuwagawia ndugu, alilia akasema mambo yako yote amekusamehe isipokuwa hilo moja, na kwamba linamchoma kwa sababu hupo tena wa kugombana naye.

Nitasimama mbele yao, Papa. Nitasema nani alisimama kwenye kona na nani alibeba. Wakiniita mwongo, watakuwa wamesema kweli, na jina lako litarudi mahali pake. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na usijaribu kunizuia.

Lakini Mama sitaki alisikie kwanza kanisani, pamoja na watu wengine. Yuko jikoni saa hii anatwanga sombe, majani ya muhogo, namsikia. Nalitia jina langu hapa, nakunja karatasi, naenda kumwambia. Ulale vizuri, Papa.

Mutoto yako,
Odette