Hataza ya Shufaa

Magomeni,
Bagamoyo.
18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Adila,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Maskati, na kwamba lile goti lililokusumbua siku za Idd limepata nafuu. Joto la huko tunalisikia kwenye taarifa ya habari, na kila likitajwa Baba husema, "Adila anaungua." Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba anakwenda msikitini na fimbo yake na kurudi bila kushikwa mkono. Sukari inapanda na kushuka, lakini dawa anakunywa.

Barua anakuletea Sophia, binti wa jirani yetu, anayerudi kazini huko. Nimemfungia na korosho za Kiwangwa. Ukiona zimepungua, muulize yeye.

Uliniambia kwenye simu kwamba habari za mdogo wangu Hamidu na mkewe umezipata vipandevipande, kila mtu na kipande chake, na kwamba zile sauti za kurekodi zinakuchosha. Nimeona nikuandikie yote kwa mpangilio, nilivyoyaona na nilivyoambiwa. Wewe ndiye uliyekwenda Miono kumposa Shufaa. Una haki ya kujua.

Duka lao unalijua, lile la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, ulilolisomea dua ulipokuja mara ya mwisho. Usichokijua ni namna lilivyokuwa likiwatesa wakati wa masika. Rimu ya karatasi ikifunguliwa asubuhi, mchana imeshanyonya unyevu wa bahari. Karatasi zinanata, printa inavuta tatu kwa mpigo, inakwama. Siku watu walipofurika kuchapa barua za kuomba kazi kwenye mashamba ya miwa ya Makurunge, wengine waliondoka bila barua, wakaenda kwingine. Mafundi walisema printa ni nzima, hali ya hewa ndiyo mbaya. Jibu hilo Hamidu hakulikubali.

Akagundua kwamba nyuma ya printa kunatoka hewa ya moto, ile ya roli linalobana wino ushike kwenye karatasi, nayo inapotea bure. Akaenda kwa fundi bati, naye akamtengenezea mfereji mwembamba wa kuirudisha hewa ile chini ya trei ya karatasi, pamoja na feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Umeme wa ziada hauli, isipokuwa wa hiyo feni. Wazo lilikuwa zuri. Lakini karatasi za chini zilikauka mpaka zikajikunja, na za juu zikabaki mbichi vilevile. Alihangaika na mfereji huo kwa muda mrefu, mwishowe akauweka uvunguni.

Shufaa ndiye aliyeutoa uvunguni. Aliona kwamba hewa haiwezi kupita kwenye karatasi zilizolaliana, ni lazima kitu kiziachanishe kidogo. Siku moja alikuwa akimchana nywele Mina, mtoto wao, akachukua kile kitana na kukipitisha pembeni mwa rundo la karatasi, polepole, karatasi zikafunguka moja moja na kulala tena. Alikata meno kutoka kwenye dumu la plastiki la mafuta ya kula, akayafunga kwa mshipi wa kuvulia kwenye roli lile la baridi linalovuta karatasi kutoka kwenye trei, ili kila roli likizunguka meno yanyanyue kingo za karatasi na kuziachia. Hapo hewa ikapata njia. Masika ile yote printa haikukwama. Mimi ni shahidi, maana mitihani ya shule yetu niliichapa kwao, nami ndiye katibu ninayelaumiwa mitihani ikichelewa.

Mteja mmoja, mwalimu wa chuo, ndiye aliyewaambia kwamba kitu kama kile hukatiwa hataza. Hataza, shangazi, ni hati ya serikali inayosema kwamba ubunifu huu ni wa fulani, na kwa miaka ishirini mtu mwingine asiutengeneze wala kuuza bila ruhusa yake. Hamidu akaenda Dar es Salaam kwa wakala wa mambo hayo, Bwana Ibrahimu, mtu mpole, anayeuliza sana. Akaulizwa mvumbuzi ni nani. Akajibu, ni mimi.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi. Tulikuwa tumefuturu kwa Baba, na Hamidu akawa anatusimulia kwa furaha jinsi maombi yalivyopokelewa. Shufaa alimwacha amalize. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na jina langu umeliandika wapi?"

Hamidu akasema, "Wewe ulileta kitana tu, mama Mina."

Baba akacheka. Shufaa akakusanya vyombo, akaenda kuviosha. Sikumwona amenuna wala kulia. Alifanya kazi dukani mpaka Idd ikapita, akaaga kwamba anakwenda Miono kuwaona wazazi wake, akamchukua Mina, na hakurudi.

Wazee wetu walikwenda mara mbili. Aliwapokea vizuri na kuwapikia. Aliwaambia hakupigwa, hakunyimwa chakula, na talaka haombi. Alichosema ni kwamba hawezi kurudi kuwa msaidizi kwenye kazi aliyoibuni mwenyewe. Wazee wakarudi wanasema mwanamke amepata kiburi. Hamidu akasema atachoka, atarudi. Alisema hivyo kwa karibu mwaka mzima, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Maombi ya hataza yakishapokelewa hupelekwa kwa wachunguzi, nao hutazama kama kitu hicho hakijawahi kubuniwa popote duniani. Majibu yalirudi mwaka jana. Bwana Ibrahimu akampigia simu Hamidu afike ofisini, naye akanifuata niende naye, kwa kuwa barua zenyewe ni za Kiingereza kigumu na alitaka mtu wa kumshika mkono.

Bwana Ibrahimu alitueleza taratibu. Ule mfereji wa kurudisha hewa ya moto chini ya karatasi si mpya. Kuna kampuni ya ng'ambo iliyoukatia hataza zamani, kabla Hamidu hajajua hata printa ni nini, na muda wa hataza hiyo umekwisha. Hamidu anaweza kuutengeneza apendavyo, na mtu mwingine yeyote pia anaweza. Wa kwake hauwi. Wachunguzi walichokiona kuwa kipya ni kimoja, yale meno yanayozungushwa na roli. Akasema maombi yanaweza kuandikwa upya, yakabaki kwenye meno peke yake, na akaona yatapita. Tena ilikuwapo kampuni ya vifaa vya ofisi iliyokuwa imeshaulizia.

Kisha akachukua kalamu na kuuliza, kama anavyouliza kila kitu, "Na hayo meno, umeyabuni wewe?"

Shangazi, mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilijua na yeye alijua kwamba akisema ndiyo, mle ofisini hakuna wa kumpinga ila mimi, na mimi ni dada yake. Alitazama mikono yake. Bwana Ibrahimu hakumharakisha.

"Hapana," akasema. "Ni ya mke wangu."

Basi Bwana Ibrahimu akaeleza kwamba jina la mvumbuzi lazima libadilishwe, na kwamba huyo mke atahitajika kuja kutia sahihi. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza choo kiko wapi. Kwake lilikuwa jambo la kila siku. Njiani kurudi, tulipofika Mapinga, Hamidu akaniuliza kama nitakubali kufuatana naye Miono.

Tulikwenda Jumamosi. Shufaa tulimkuta kwenye kibanda jirani na shule, ana printa moja kuukuu inayotumia umeme wa jua, anawachapia walimu. Tulipoingia alikuwa ameifungua, anafuta vumbi jekundu kwa brashi ya rangi. Aliniamkia, "Shikamoo, wifi," akamsalimia na mumewe kwa heshima, akafunga kibanda, akatupeleka kwa baba yake. Mina alimrukia Hamidu, akakaa mapajani mwake mpaka mwisho wa mazungumzo, kwa hiyo yote niyaandikayo alikuwa akiyasema huku mtoto akimchezea vifungo vya shati.

Baada ya salamu na maji ya kunywa, Hamidu alimweleza mkwewe kila kitu, hata neno alilolisema siku ile ya futari. Hakujipunguzia. Kisha akamgeukia Shufaa. "Kilichobaki ni chako. Nimekuja ili jina lako liandikwe."

Shufaa akafikiri. "Na kisingebaki?" akauliza. "Kama wangesema mfereji ndio mpya na meno si kitu, ungekuja?"

Baba yake Shufaa alikohoa, nafikiri alitaka kumwokoa mkwewe. Lakini Hamidu alijibu.

"Nisingekuja."

Nilifikiri mambo yameharibikia hapo. Nilimtazama wifi yangu, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo. Nadhani alikuwa amejiandaa kudanganywa.

"Basi nitakuja Dar kutia sahihi," akasema. "Kurudi Bagamoyo ni jambo jingine, na leo sitalijibu."

Alikuja. Kwa Bwana Ibrahimu aliuliza maswali mengi kuliko sisi wote. Akataka jina la mvumbuzi liwe lake peke yake, maana ndio ukweli, lakini umiliki uwe wa wote wawili, kwa sababu meno bila hewa ya moto hayana kazi, na hewa hiyo aliyeirudisha kwenye trei yao ni Hamidu. Hakuna aliyemwomba hilo. Hamidu alitia sahihi baada yake.

Hataza ilitoka mwezi wa sita. Nimeiona kwa macho yangu, ina muhuri na jina lake kamili, Shufaa binti Yusuf. Mazungumzo na ile kampuni yanaendelea, na anayezungumza ni yeye. Hamidu hukaa kando na kuchora wanachoulizwa.

Sasa wanaishi hivi. Alhamisi jioni Hamidu anafunga duka na kwenda Miono, anasali Ijumaa huko, na Jumamosi anarudi. Shufaa ana wazo jipya la kuzuia lile vumbi jekundu lisiingie kwenye printa. Wanalifanyia kazi pamoja, na safari hii kila wanachokigusa wanaandika ni nani aliyekileta. Nilipokwenda mara ya mwisho niliwakuta wakibishana juu ya kitambaa cha chujio, wamesahau kula. Mina alikuwa amelala juu ya maboksi ya rimu. Sijawahi kuwaona hivyo walipokuwa nyumba moja.

Watu wa hapa mjini wanacheka. Wanasema Hamidu ameolewa. Yeye mwenyewe hajibu, na sijui moyoni analichukuliaje.

Baba naye hajaridhika. Anasema mke hawezi kuwa kule na mume huku, na kwamba hati ikishapatikana hakuna kisingizio tena. Najua atakupigia simu, pengine kabla barua hii haijafika, akuombe uzungumze na Shufaa arudi nyumbani, kwa kuwa anakuheshimu na ni wewe uliyemposa. Ukimwambia arudi, nafikiri atarudi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, na ndiyo sababu hasa ya kukuandikia.

Naomba usimwambie, shangazi. Siwezi kumpinga Baba mbele yake, lakini kwako naweza kusema. Akiwa tayari kurudi atarudi mwenyewe, na asipokuwa tayari, hali waliyonayo si mbaya.

Ila naomba umpigie kwa jambo jingine. Tangu hataza itoke, kila anayekutana naye, kuanzia wazee wetu hadi wanawake wa kisimani, anamuuliza lini atarudi kwa mumewe. Nimechunguza kwa siri, nikauliza huku na huku. Ukoo mzima, nami nikiwamo mpaka wiki iliyopita, hakuna aliyekuwa amempa hongera.

Baba anakusalimu sana, na anataka nikuandikie kwamba picha ya marehemu bibi ameitundika sebuleni kama ulivyotaka. Hamidu anakuamkia. Mina anakuamkia pia, na anauliza kama Maskati kuna mananasi. Nisalimie wanao wote na majirani zako uliowahi kuwataja kwenye simu, kila mmoja kwa jina lake.

Mungu akupe afya, akuondolee maumivu ya goti, na atukutanishe kwa kheri mlangoni mwa nyumba hii.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekukumbuka kila siku,

Ashatu Majaliwa