Waya Mweupe Nilioukataa

Khuwair ya Kusini, Maskati
Jumatano, baada ya Alasiri

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa wote mlio hapo nyumbani Tanga. Natumai goti lako limepata nafuu na kwamba unafanya kazi umekaa kwenye kiti, maana najua ukiachwa peke yako unachuchumaa na redio ya mtu mapajani mpaka Magharibi. Mimi mwili ni mzima. Joto limeanza kutuchoma, lakini hilo nimelizoea. Roho ndiyo haijatulia, na nakuandikia wewe kabla ya mwingine yeyote kwa sababu ni jambo la ufundi, na ufundi huu umenifundisha wewe.

Nilishakueleza habari za Bwana Seif, kafili wangu, yaani mdhamini wa viza yangu, mzaliwa wa Unguja mwenye duka la redio za magari. Majuzi alinunua boti ya faiba ya kutembezea familia, akataka muziki ndani yake, spika nne na amplifaya kubwa. Mafundi wa boti wamejaa hapa, lakini akasema yeye ana fundi wake. Nikavimba kichwa, sikufichi. Sijawahi kufunga redio kwenye chombo cha baharini maishani mwangu, na sikumwambia.

Tukaenda wote wawili kutafuta waya kwenye duka moja Mutrah, karibu na bandari. Muuzaji ni mzee wa Kihindi kutoka Malabari, mpole. Akatutolea waya mnene, nikaumenya ncha kwa wembe. Ndani mweupe. Unajua nilichofanya, Kaka. Tangu utotoni uliniambia shaba ni nyekundu, nikiona weupe nijue nauziwa alumini. Nikamrudishia mbele ya wateja wake, nikamwambia Bwana Seif kwamba huyu anatuuzia bandia. Mzee akajaribu kueleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, akionyesha upande wa bahari, "Milh, milh," yaani chumvi. Bwana Seif akamtolea maneno makali, tukatoka. Kwenye duka la vifaa vya magari tukapata waya mwekundu unaong'aa kama sufuria mpya. Ule sikuukwangua hata kidogo. Ulikuwa mwekundu, nikaridhika.

Nikaufunga vizuri kadiri ya ujuzi wangu. Ulitoka kwenye betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, ukapita kando ya tangi la petroli, mpaka kwenye amplifaya. Nikaweka na fyuzi. Muziki ulipopigwa, Bwana Seif alinikumbatia mbele ya watu.

Boti imekwenda baharini mara mbili. Jumamosi akaniita nyumbani kwake, inakowekwa uani, akasema muziki unakatikakatika. Nikafungua maungio, unga mweupe ukanimwagikia mkononi. Nikakwangua waya. Wekundu ni ngozi tu, ndani yote alumini. Fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa, kwa sababu ilikuwa ikiungua kila wakiongeza sauti; sasa haikati tena umeme hata waya ukiwaka. Na pale kando ya tangi la petroli, ganda la waya lilikuwa limelainika kwa joto likagandamana na faiba.

Nilirudi kwa yule mzee. Hakunifukuza. Alichukua waya ule ule nilioukataa, akaukwangua polepole, na chini ya weupe ikatokea shaba safi. Umepakwa bati ili chumvi isiule. Hakunicheka, Kaka, na afadhali angenicheka.

Nikamweleza Bwana Seif kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rashidi, si weye uliyemwita mzee wa watu mwizi? Nami nikamtukana kwa neno lako. Leo wataka nikanunue kwake? Boti imetoka mara mbili na mara mbili imerudi. Hiyo khofu yako tu. Ijumaa twende, baadaye ntatazama." Nikamwomba aniruhusu japo niukate, waende bila muziki. Akasema muziki ni wa mama yake, na geti la ua akalifunga.

Mama yake ni Bi Zuwena. Ndiye anayeniletea mkate wa kumimina dukani na kuniita mwanawe kwa sababu tu nazungumza Kiswahili. Ijumaa anapanda na wajukuu sita. Jana nilimkuta jikoni akichagua kanda zake za taarabu, nikamwambia, "Bibi, Ijumaa usiende."

"Kwa nini, mwanangu? Mie nna hamu. Mara ya mwisho kupanda chombo ilikuwa siku tuliyokimbia Unguja, na siku ile hapana aliyeimba. Kwani kuna nini?"

Bwana Seif alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Viza yangu iko mkononi mwake, unajua. Nikasema, "Jua kali tu, Bibi." Naona haya kukuandikia maneno hayo, lakini ndivyo nilivyosema. Akacheka, akasema atavaa miwani.

Baadaye Bwana Seif akanialika nami niende, nikae karibu na redio, isije ikakatika tena. Watoto watatamani sauti kubwa, naye hawezi kuwanyima.

Nisalimie shemeji na uji wake wa pilipili manga. Nisalimie mjomba wetu muadhini, na fundi cherehani wa jirani, mwambie suruali aliyonishonea bado inanitosha. Mama mbusu mikono kwa niaba yangu, na mweleze kwamba nakula vizuri.

Nimekubali kwenda, Kaka. Nitakaa juu ya kile kiti cha nyuma, betri chini yangu, spana namba kumi mfukoni. Tangu jana nafanya mazoezi kwa betri ya dukani, nimefumba macho, kulegeza nati na kung'oa waya. Mara ya kwanza nilihesabu mpaka ishirini. Sasa nafika tisa. Sijui moto wa petroli unahesabu mpaka ngapi.

Mke wangu usimpe barua hii asome. Mwambie tu Ijumaa nimealikwa matembezi.

Mdogo wako,
Rashidi