Waya wa Baba

Alhamisi

…nilijua tu imezima. Mama Zawadi wa Bugarama, niliyemuuzia moteri, injini ya gari kuukuu, kanipigia asubuhi: "Dada Mariamu, njoo uone moteri yako." Nikapanda taksi-moto, roho juu. Ndiyo moteri ya kwanza kuiuza na garanti, kwamba ikiharibika natengeneza bure, na kaka anasema garanti itatufilisi.

Kufika, inanguruma! Ile iliyooza ndani ya minibasi uwanjani kwetu pa magari mabovu, kuku wakitagia juu yake, leo inazungusha mashine ya kukamua mawese. Mafuta mekundu yanatiririka.

"Ulisema kwako waya hakuna tena. Na hii iko nini?" Akaonyesha waya uliobana mpira wa radiateri, ule wa maji ya kupooza moteri.

Niliona haya. Tangu nilipoachiwa kazi na baba nimekataza waya. Mpira tunaubana na kolye mpya, vibanio vya chuma. Mafundi waliuruka huo mmoja. Nikatoa koleo, nikainama nikate waya.

Umesokotwa kwa kushoto. Uwanjani kwetu aliyesokota hivyo ni mmoja tu, na tulishamzika.

Nikapapasa mpira wote. Mkavu. Hata tone la maji halivuji.

Nikarudisha koleo mfukoni, nikasema murakoze, asante. Sijui nilikuwa namwambia nani.