Nilichuma, Sikuiba

Jumanne, jioni. Hamugembe, Bukoba.

Mvua ilianza kabla hapajapambazuka, na mpaka sasa haijaamua kama inakata au inaendelea. Nimekunywa chai, sasa naandika.

Leo nilikuwa Muleba, mahakama ya wilaya, kuomba hatia yangu ifutwe.

Jambo hili sijawahi kuliandika hapa. Nimeandika kuhusu kazi, kuhusu ugonjwa wa mama, hata kuhusu mchumba aliyeniacha. Hili nililizunguka tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amefariki, na ukoo ulikaa Izigo ukaamua kibanja chetu, shamba la ndizi na kahawa lenye nyumba yetu ndani, kiangaliwe na mdogo wake, Ta Byabato kama tunavyomwita kwa heshima, kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume. Hatukufukuzwa. Tuliendelea kuishi mle na kula ndizi zake, ila kahawa ikawa ya baba mdogo. Msimu ule mama aliugua sana. Nikachuma debe mbili za kahawa kwenye miti ambayo nilimsaidia baba kuipanda, nikaianika ili niiuze nimpeleke hospitali. Baba mdogo akaikuta. Akaenda polisi.

Kesi katika mahakama ya mwanzo haikuchukua muda. Hakimu wa wakati ule aliniuliza kama ni kweli nilichukua kahawa. Nikasema, "Ndiyo, nilichuma." Ikaandikwa kwamba nimekiri kosa. Nikapewa kifungo cha nje, nikawa nafagia uwanja wa zahanati huku niliosoma nao wakipita kwenda sokoni.

Wengine walinisalimia. Hao ndio walioniumiza zaidi.

Nikahamia Bukoba, nikamleta na mama. Nilidhani yamekwisha. Mwaka huu shule moja ya bweni ya wasichana ikanichagua kuwa matroni, ikataka cheti cha polisi cha tabia njema. Nilipotoa alama za vidole, kosa likaibuka: wizi. Mkuu wa shule alinisikiliza vizuri, akasema nafasi yangu ataishikilia kwa muda, ila si kwa muda mrefu.

Ilibidi kwanza niombe ruhusa ya kukata rufaa nikiwa nimechelewa miaka yote hiyo. Ruhusa nilipewa. Shida ikawa nyumbani. Katika kesi kama yangu, aliyekushtaki ndiye anayeitwa kujibu rufaa. Mama alipoelewa kwamba baba mdogo ataitwa, alisubiri mpaka jioni, akaniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya chini:

"Ukimsimamisha baba yako mdogo mbele ya hakimu, mimi nikifa watanizika wapi?"

Kaburi la baba liko ndani ya kibanja kile. Niliendelea na rufaa bila baraka zake, na asubuhi ya leo nilipoaga aligeukia ukutani.

Baba mdogo alifika mahakamani kabla yangu. Amezeeka. Koti limemzidi mabega na anatembelea fimbo. Mvua ilikuwa inapiga ndani ya baraza, benchi kavu lilikuwa moja tu. Alisogea nikapata pa kukaa. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka tukaitwa.

Hakimu ni mama wa makamo, anaongea taratibu. Aliniambia nieleze. Yote niliyoyafanyia mazoezi yalinitoka akilini.

"Mheshimiwa, nilikiri kuchuma. Sikukiri kuiba. Nilijua ni kahawa ya baba yangu."

Nikaketi. Akamgeukia baba mdogo. "Mjibu rufaa, unapinga?"

"Napinga."

Nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimejidanganya kwamba uzee umemlainisha.

"Alichukua bila ruhusa yangu," alisema. "Ukoo ulinikabidhi mimi."

"Kahawa uliikuta wapi?"

"Uani. Ameianika."

"Uani kwa nani?"

"Kwao."

"Alikuwa ameificha?"

"Hapana. Ilikuwa kwenye mkeka, kila apitaye njiani anaiona."

"Naye alipokuona alifanya nini? Alikimbia?"

Baba mdogo alihamishia fimbo mkono wa pili. Nilisikia mvua juu ya bati. Karani aliinua kichwa kumtazama.

"Alipiga magoti akaniamkia," alisema. "Akaniomba nimsaidie kutafuta gari la kumpeleka mama yake hospitali."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau jambo hilo. Kumbe yeye amekaa nalo miaka yote hii.

Hakimu alitoka kwa muda, akarudi na kusoma uamuzi. Alisema maneno yangu ya siku ile hayakuwa kukiri kosa, kwa hiyo hatia ile haikuwa na msingi. Ameifuta pamoja na adhabu yake. Kisha akamweleza baba mdogo kwamba asiporidhika anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilimtazama baba mdogo, naye alikuwa anahangaika na kifungo cha koti.

Nje mvua ilikuwa kubwa na hakuwa na mwavuli. Ningeweza kumpita. Nikamfunika kwa wangu, tukaenda mwendo wake wa polepole mpaka kwenye magari ya kwenda Izigo. Pale ndipo alipozungumza.

"Sijaamua bado," alisema. Nilijua anasema juu ya Mahakama Kuu.

"Uamue, baba," nilimjibu. Sikumbembeleza. Miaka yote nilidhani siku nikimpata nitakuwa na mengi ya kumwambia.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimwambia imefutwa. Hakuinua macho. Aliuliza tu, "Amekonda?" Nikasema amekonda sana. Akaendelea kumenya, na baada ya muda nikaona anafuta uso kwa mgongo wa mkono ulioshika kisu.

Hajaniambia kama nilifanya vizuri, wala sitamuuliza.

Polisi nitakwenda nikishapata nakala ya uamuzi, halafu shuleni, kama nafasi bado ipo. Lakini Jumapili, mama akikubali, nitampeleka Izigo kwenye kaburi la baba. Tutakwenda mchana, tukipita njia kuu ya kuingilia kibanjani. Baba mdogo akitukuta pale, aseme mwenyewe kama tumeingia kwake au kwetu.