Usiung'oe Mmea wa Mlali

Mjukuu wangu Agnesi,

Marahaba. Babu yako mzima, na jana nilimshinda tena kwa hoja. Unauliza kama uung'oe mmea uliouchukua mtoni hapa Mlali, kwa kuwa majani yanaoza na kufunikwa na mwani ndani ya tangi lako la samaki. Usithubutu!

Nilipokuwa msichana, binamu yangu Kondo aliapa kwamba majani ya mmea kama huo wako, mapana ya juu ya maji na membamba ya chini, ni ya mimea miwili tofauti. Mimi nikakataa.

"Acha ubishi, we!" akafoka.

Nikaung'oa mmoja matopeni: majani yote shina moja! Mto mzima ulinisikia nikishangilia.

Yanayooza ni majani ya hewani, yasiyoweza kuishi majini; mmea wenyewe mzima, utaotesha membamba ya chini ya maji. Yakate, punguza mwanga ili mwani usizidi, kisha chungulia kwenye ncha ya shina. Likichomoza jani jembamba, nipigie simu hata kama nipo kanisani.

Bibi yako